Baruti Huua Mara Mbili

Katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, kuanzia Mwakitolyo na Kahama hadi Nyarugusu na Mgusu, maelfu ya vijana hutafuta riziki katika maduara ya wachimbaji wadogo. Mwamba ukiwa mgumu hutobolewa, hutiwa baruti na kulipuliwa. Kila mtu anajua kwamba mlipuko huua, na kwa hiyo watu hukimbia. Lakini wachache wameelezwa kwamba baruti huweza kuua tena baada ya kishindo kwisha, kwa gesi inayobaki shimoni. Ni juu ya kifo hiki cha pili tunapenda kuwakumbusha wasomaji wetu mwezi huu.

Sehemu kubwa ya baruti za migodini duniani hutengenezwa kwa amonia naitreti, chumvi nyeupe ambayo pia ni mbolea. Kwa kuwa inafanana na kitu cha shambani, wengine huidharau. Watu wa namna hiyo na waikumbuke Beirut, mji mkuu wa Lebanoni, ambako tarehe 4 Agosti 2020 kiasi cha tani 2,750 za chumvi hiyo, zilizoachwa ghalani kwa miaka bila uangalifu, zililipuka na kuua watu zaidi ya 200. Basi haifai kabisa baruti kuhifadhiwa katika chumba cha kulala au karibu na jiko.

Chumvi hiyo ikilipuka hugeuka gesi. Ikiwa imechanganywa na dizeli kupita kiasi, hutoka kwa wingi kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Dizeli ikipungua, au baruti ikilowa maji, hutoka kwa wingi naitrojeni dioksaidi, yenye rangi ya hudhurungi na nzito kuliko hewa. Ya kwanza hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, hulegea miguu, huzimia na kufa. Ya pili huunguza mapafu polepole. Aliyeivuta huweza kupanda juu akitembea, akala na kulala, kisha baada ya saa kadhaa mapafu yakajaa maji.

Hapana budi ieleweke pia kwamba kitambaa kilicholoweshwa maji hakizuii kaboni monoksaidi. Wala mshumaa hautoshi kuwa kipimo, kwani moto huendelea kuwaka mahali ambapo gesi hiyo imekwisha kutosha kuua. Na anayeteremka upesi kumwokoa mwenzake bila chombo cha hewa huongeza maiti wa pili.

Wala hatari ya kukosa hewa chini ya ardhi si ya ukanda wetu peke yake. Mwezi wa Juni 2002, huko Mererani kwenye machimbo ya tanzanaiti, makumi ya wachimbaji walikufa mgodini kwa kukosa hewa. Hawakuangukiwa na mwamba.

Mtu aliyekufa kwa gesi hana jeraha, na hapo ndipo ujinga hupata mlango. Wapo watakaosema duara lina shetani, na wapo watakaomtafuta mchawi. Kanda ya Ziwa imekwisha kulipa gharama kubwa kwa imani hizo: vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na hasa tangu mwaka 2007 ndugu zetu wenye ualbino wameuawa kwa itikadi kwamba viungo vyao huleta utajiri, ukiwemo wa dhahabu. Wengine nao husema ni kudra ya Mungu, kisha huteremsha vijana wengine. Sisi twaamini kudra, lakini aliyeacha kufunga mlango asimsingizie Mungu wizi uliompata.

Mlango wa kufunga unajulikana. Baada ya kulipua, watu wasubiri. Feni au kompresa isukume hewa safi hadi mwisho wa shimo. Hewa ipimwe kwa kipima gesi. Na anayeingia kwanza awe mjuzi anayetazama pia baruti ambazo hazikulipuka. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri jukumu la kumlinda mfanyakazi, na ulipuaji ni kazi ya mwenye cheti, si ya kijana yeyote mwenye ujasiri.

Tunajua jibu la wenye maduara: kusubiri ni hasara, na kompresa ni ghali. Lakini mchimbaji anayelipwa kwa mgao wa mawe hana nguvu ya kusema “bado”, maana akikataa kushuka huitwa mwoga na nafasi yake hupewa mwingine. Kwa hiyo neno “bado” ni wajibu wa mwenye duara, ambaye ndiye mwenye fungu kubwa. Hawezi kupokea faida ya shimo na kuwaachia wengine gesi yake.

Tunawaomba viongozi wa dini na wa vijiji katika mikoa hii walieleze jambo hili misikitini, mikutanoni na kwenye machimbo yenyewe. Na wewe kijana, kichwa kikikuuma baada ya mlipuko, panda juu, nenda zahanati, na umweleze mganga kwamba umevuta moshi wa baruti. Mwenyezi Mungu awahifadhi wachimbaji wetu, na awape wenye maduara moyo wa kuogopa dhuluma. Amin.