Kipendacho Roho: Msomaji wa Riwaya Pendwa na Mshauri Wake

Wahenga walilonga kwamba kipendacho roho hula nyama mbichi. Methali hii husikika sana katika masuala ya mapenzi, lakini ni nadra kusikika maktabani, mahali ambapo msomaji aghalabu hupewa kile ambacho mtu mwingine ameona kinamfaa. Makala haya yanashikilia kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili, tunaojinasibu kuwa wajuzi wa vitabu, tumeshiriki kosa hilo, na kwamba tuna wajibu wa kulirekebisha.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Wakati mmoja nilijitolea kusaidia katika maktaba moja ya umma katika eneo letu la majani chai, Kericho na Bomet. Jumamosi moja alasiri aliingia dada mmoja mchuma chai. Katika mashamba haya Wakipsigis hufanya kazi pamoja na Wakisii, Wajaluo na Waluhya, na Kiswahili ndicho huwaunganisha. Dada huyu alikuwa amemaliza kusoma Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla, akataka "kingine kama hicho." Siku hizo nilikuwa nimezama katika utafiti wangu, basi nikamkabidhi Nagona ya Euphrase Kezilahabi, nikiamini kwamba namfaidi. Juma lililofuata alikirejesha. "Ahsante mwalimu, kimenishinda," alisema kwa adabu, akaondoka mikono mitupu. Sikumwona tena.

Nagona (1990) ni kazi adhimu. Hata hivyo, dada yule hakuulizia kazi adhimu. Aliulizia fumbo la mauaji linalofumbuliwa hatua kwa hatua na mtu mtulivu mwenye akili pevu. Laiti ningemuuliza alichokipenda! Kama ni Bwana Msa mwenyewe, ningempa Kisima cha Giningi (1968) au Siri ya Sifuri (1974). Kama ni kasi na hatari, ningemwelekeza kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba katika Kufa na Kupona (1974), au kwa Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Kama ni mambo ya ajabu, ipo Walenisi ya Katama Mkangi (1995), ambamo Dzombo aliyehukumiwa kufa anaingizwa katika chombo kinachomfikisha kwenye ulimwengu mwingine kabisa.

Yamkini msomaji atauliza: kwa nini dada huyo asijitafutie mwenyewe rafuni? Jibu limo katika mpangilio wa rafu zenyewe. Mfumo wa Dewey huipanga fasihi kwa lugha kabla ya kitu kingine chochote, na fasihi ya Kiswahili hupewa nambari 896.392. Hivyo basi, upelelezi, mapenzi, tanzia na falsafa hukaa pamoja, na asiyeyajua majina ya waandishi hana dira. Dira yake ni mtu aliye nyuma ya meza. Mtu huyo naye, akimwona kijana, huwahi kuuliza, "Uko kidato gani?" kana kwamba riwaya ya Kiswahili haisomwi ila kwa ajili ya mtihani.

Nchini Marekani, mwaka 1989, Joyce Saricks na Nancy Brown walichapisha kitabu kuhusu huduma ya kuwashauri wasomaji katika maktaba za umma. Walisisitiza kwamba mkutubi asikilize jinsi msomaji anavyokieleza kitabu alichokifurahia: kasi ya masimulizi, wahusika, msuko, na mazingira. Je, hivi si vile vile vipengele vya fani tunavyovichambua darasani kila uchao? Ujuzi tunao. Tumeuhifadhi kwa ajili ya tasnifu tu.

Wapo watakaonena kwamba riwaya pendwa hazina uzito, na kwamba kuzipigia debe ni kuidunisha fasihi. Naafiki kwamba si zote zilizoandikwa kwa ustadi. Lakini msomaji aliyeshiba upelelezi huenda siku moja akaubisha mlango wa Nagona kwa hiari yake, ilhali aliyevunjwa moyo habishi tena. Na hata asipoubisha, amesoma Kiswahili kwa raha baada ya juma zima la kubeba kikapu mgongoni. Hilo pekee latosha.

Napendekeza, basi, kwamba chama chetu kiandae kijitabu cha kurasa chache chenye mwongozo wa "ukikipenda hiki, jaribu na kile." Wenzetu wa vyuo vilivyo jirani na mashamba ya chai, kama vile Chuo Kikuu cha Kabianga, washirikishwe. Orodha itokane na vitabu vilivyomo rafuni kwa hakika, maana kumtajia msomaji kitabu kisichopatikana ni kumtania. Vilivyokosekana tuviombe kwa kaunti zetu, kwani Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi jukumu la maktaba.

Kuuliza si ujinga, na katika jambo hili ujinga ulikuwa wangu niliyetoa jibu kabla ya kuuliza. Dada yule akirudi leo, sitamtajia kitabu chochote kwanza. Nitamkaribisha kiti, kisha nimuulize: "Dada, humo ulipenda nini?"