Ufunguo wa Simu Yangu Haukai Kinshasa

Kuna wazo linalozunguka katika ofisi za wakubwa wa dunia, na kwa kuwa sheria zetu za teknolojia hutujia kutoka Ulaya zikiwa zimevaa tai, afadhali tulikatae kabla halijatua kwenye uwanja wa ndege wa Luano. Wazo lenyewe ni hili: kila ujumbe uliosimbwa uwe na ufunguo wa pili, nao ukae kwa serikali, au kwa kampuni inayoitii serikali, utumike "panapokuwa na haja tu". Mapema 2025 Uingereza iliitaka Apple jambo la namna hiyo. Apple ikaona heri kuwaondolea Waingereza ulinzi wenyewe kuliko kuwajengea mlango wa siri.

Hapa kwetu Kongo atakaa nao nani? ANCY, idara ya usalama wa mtandao iliyozaliwa na Kode ya Numeriki ya Machi 2023? Baraza la Taifa la Ulinzi wa Mtandao, lililo chini ya Rais? ANR, idara ya ujasusi? Taja yeyote, nami nitakutajia Stanis Bujakera. Mwandishi huyo alikamatwa uwanja wa ndege wa N'djili tarehe 8 Septemba 2023, simu zake zikachukuliwa, akakaa gereza la Makala zaidi ya miezi sita kwa makala ya Jeune Afrique ambayo hata jina lake halikuwamo. Mashtaka yalidai kwamba nyayo za WhatsApp na Telegram zinamwonyesha kuwa wa kwanza kusambaza waraka ulioitwa wa ANR. Yote hayo bila ufunguo wa ziada! Wakiupata, aliyemnong'oneza mwandishi wa Lubumbashi habari za malori ya mpaka wa Kasumbalesa atalala wapi?

Eti utalindwa. Mwaka 1993 serikali ya Clinton ilileta chipu ya Clipper, ufunguo wake umegawanywa vipande viwili kwa idara mbili. Mwaka uliofuata Matt Blaze, mtafiti wa AT&T, akaonyesha jinsi mjanja anavyoweza kuukwepa utaratibu huo; raia asiye mjanja ndiye angebaki uchi. Na 2024 ikajulikana kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China, Salt Typhoon, wameingia ndani ya kampuni za simu za Marekani, hadi kwenye mitambo ya kusikiliza simu kwa amri ya mahakama. Desemba hiyo maofisa wa nchi ileile iliyotuletea Clipper wakawashauri raia wao watumie programu zinazosimba ujumbe.

Mtaniuliza: na majambazi wanaovunja nyumba usiku Katuba na Ruashi, hapa Lubumbashi? Aliyevamiwa hana subira na nadharia, na simlaumu. Lakini polisi hawashindwi na WhatsApp. Wanashindwa kwa sababu gari halina mafuta, na mwenye kushtaki ndiye anayeombwa ayanunue. Orodha ya nani kampigia nani kampuni za simu zinayo tayari, na Kifungu cha 31 cha Katiba, kinacholinda siri ya mawasiliano yetu, kimeiachia sheria nafasi yake.

Halafu kuna RAM, lile daftari la kuandikisha simu za mkononi. Mwaka 2020 tuliambiwa simu zinaandikishwa ili tukingwe na simu bandia na za wizi. Kilichofuata ni mayuniti kukatwa: dola moja kwa mwaka kwa simu ndogo, saba kwa simu janja, mpaka kelele za wananchi na wabunge zikaifuta RAM hiyo 2022. Waheshimiwa wa Katanga mlioko Kinshasa, siku mtakapoletewa mswada wa ufunguo, kabla ya neno lolote lingine ulizeni: zile dola zilikwenda wapi?