BARIDI HII SI YA KULALA, MSHIKAJI!

Nyie mnaodhani Tanzania nzima ni jasho tu, njooni Sumbawanga mwezi Juni. Mji upo takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Ufipa hauulizi kama wewe ni brazameni.

Kwetu huu ndio msimu wa kazi mbili. Mvua zimekatika, mahindi tumeshavuna, hivyo mchana tunafyatua tofali. Zikishakauka taratibu chini ya nyasi tunazipanga tanuru, tunalikandika udongo, tunawasha moto. Ukizembea, Novemba mvua inarudi na tofali mbichi zinageuka tope. Mwaka jana ndivyo tulivyopoteza chumba kizima.

Usiku kazi ni kulinda moto. Mama hukaa pembeni na sindano zake mbili, anafuma. Uzi mpya bei mbaya, kwa hiyo safari hii kafumua sweta la bluu la marehemu baba ili mdogo wangu apate la kwendea shule. Juzi akaninyooshea sindano: "Shika wewe, mwanangu. Vidole vyangu havikunjiki tena."

Nikaangalia huku na huku, washikaji wasinione. Kisha nikashika. Mkono mmoja umetoka mrefu kuliko mwenzake, lakini dogo anaukunja na kulivaa hivyo hivyo.

Basi mshikaji, kama unaona haya kufuma, baridi haioni haya kukupiga. Tukutane wiki ijayo!