Tusiwakaririshe watoto maneno yatima

Asubuhi moja ya masika, kijana wangu wa Kidato cha Kwanza alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu. Zamu ya darasa lao kulima shamba la shule ilikuwa imefika, na jembe lake lilikuwa limevunjika mpini. Akaniambia sentensi ambayo bila shaka alikuwa ameipanga njia nzima: “Madam, please borrow me a hoe.”

Alitaka nimpe jembe. Alichosema ni kwamba mimi niende nikamwazimie jembe kwa mtu mwingine.

Niliomba daftari lake la msamiati. Ukurasa ulikuwa umegawanywa kwa mstari wa rula, kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili. Palikuwa na “borrow”: kuazima. Mistari michache chini yake palikuwa na “lend”: kuazima. Kijana hakuwa amekosea kunakili. Orodha ile niliiandika ubaoni mwenyewe, na tangu siku hiyo sijaandika nyingine ya namna ile.

Kwa Kiswahili jirani huniazima jembe, nami huazima jembe kwake. Kitenzi ni kimoja, na anayetoa na anayepokea tunawatambua ndani ya sentensi. Kiingereza kimewapa watu hao wawili vitenzi viwili. Mkono wetu mmoja, kutoka begani hadi vidoleni, wenzetu wanaukata mara mbili: “arm” na “hand”. Sisi husikia sauti, husikia harufu, husikia njaa na husikia baridi. Mtoto aliyekariri kwamba “hear” ni kusikia atasema “I hear hunger”, na darasa litamcheka. Nimeona watoto waliochekwa hivyo mara moja wakakaa kimya muhula mzima.

Neno lililowekwa peke yake mbele ya tafsiri moja ni yatima. Halina ndugu wala kwao, na mtoto hajui alipeleke wapi. Linahitaji vitu viwili: maelezo mafupi kwa maneno ambayo mwanafunzi tayari anayajua, na sentensi inayoonyesha neno hilo likifanya kazi. Siku hizi darasani kwangu “borrow” huandikwa hivi: “to take something from a person and give it back later”, yaani kuchukua kitu kwa mtu na kukirudisha baadaye. Chini yake huja sentensi: “I borrowed a bucket from our neighbour.” Kisha kila mwanafunzi hutunga ya kwake, ya nyumbani kwao, asinakili yangu. Yule kijana wa jembe alipofika kwenye “lend” aliandika: “My grandmother lends her big pot to people who have a funeral.” Bibi yake ana sufuria kubwa, na mtaa mzima huliazima wakati wa msiba. Neno hilo hakulisahau tena.

Njia hii ina umri mkubwa, na haikuanzia kwa Waingereza wanaojifunza lugha yao wenyewe. Michael West alikuwa akifundisha Bengali, enzi za utawala wa Waingereza nchini India. Mwaka 1935 ilitoka kamusi yake iliyoeleza maneno yapatayo 24,000 kwa kutumia maneno yasiyofika 1,500. A. S. Hornby alifundisha Japani, na kamusi aliyoiandaa na wenzake ilichapishwa Tokyo mwaka 1942 kabla ya Oxford kuichapisha upya mwaka 1948. Kamusi hizi zilitokana na madarasa ya watu kama sisi, ambao Kiingereza hawakukisikia kwa mama zao. Inaniuma kuona shule ambayo nakala yake moja imefungiwa kabatini isichafuke.

Wako wanaosema dawa ni kupiga marufuku Kiswahili shuleni. Siafiki. Tofauti ya “lend” na “borrow” niliieleza kwa Kiswahili, kwa dakika mbili, na darasa zima likaelewa. Mtoto anayeogopa adhabu kwa kutamka lugha yake hatafuti neno la Kiingereza, ananyamaza tu. Kiswahili kimsaidie kufika kwenye neno, kisha neno likae katika sentensi yake.

Wako pia wanaosema madarasa yamejaa na muda hautoshi. Najua, kwa kuwa nafundisha humo humo. Ndiyo maana nimepunguza. Badala ya maneno ishirini kwa siku, nafundisha matano, na matano hayo yanabaki. Yale ishirini yalikuwa yanapotea kabla ya Ijumaa.

Jambo hili haliishii kwenye kipindi cha Kiingereza. Mtoto anamaliza shule ya msingi ya serikali akiwa amesoma kwa Kiswahili, kisha anaingia sekondari ambako historia, baiolojia na jiografia zote zinamngoja kwa Kiingereza. Katika jaribio moja la historia swali lilianza na “Account for”, yaani toa sababu. Mwanafunzi mmoja aliandika habari za akaunti ya benki. Historia yenyewe aliijua vizuri. Nilipomuuliza kwa mdomo, kwa Kiswahili, alinitajia sababu nne bila kusita. Alama zake ziliondoka na maneno mawili ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kumwekea ndani ya sentensi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Walimu wa masomo yote, kabla ya mada mpya, waeleze maneno matano kwa Kiingereza chepesi na wayatungie sentensi. Taasisi ya Elimu Tanzania ihakikishe kila kitabu cha Kidato cha Kwanza kina maelezo ya namna hiyo, yenye mifano ya soko, shamba na daladala, yaani maisha ambayo mtoto anayaishi. Wakuu wa shule wazitoe kamusi kabatini ziende madarasani, zishikwe hadi zichakae.

Nawe mzazi, hata kama Kiingereza hukukisoma, unaweza kusaidia. Mtoto akirudi jioni usimuulize amekariri maneno mangapi. Mwambie achague moja, alitungie sentensi inayohusu nyumba yenu, kisha akueleze amesema nini.