Kazi ya Kivulini Nayo Huumiza

Mkoani Tanga yapo mazoea ya kuamini kwamba mtu aliyeketi kivulini hafanyi kazi. Mazoea hayo yana asili yake. Mkonge uliletwa mwaka 1893, na kwa miaka mingi kazi ilimaanisha jua, miiba na mzigo. Manamba alihesabiwa kwa kipande chake, wala hali ya mgongo wake haikuulizwa. Leo kijana wa Ngamiani, Muheza au Pangani, anayechapa barua na kujaza fomu za watu katika kompyuta tangu asubuhi hadi usiku, akisema shingo inamuuma huambiwa ni mvivu. Kauli hiyo ni ya kupotosha, na hapana budi ikanushwe.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo zipatazo 5. Kikiinamishwa kwa saa nyingi juu ya meza fupi, misuli ya shingo na mabega ndiyo inayoubeba uzito huo. Jicho linalokodolea kioo hupepesa mara chache kuliko kawaida, likakauka, likawasha na kuona ukungu. Wataalamu hawasemi kwamba kioo hupofusha. Wanasema kwamba mwili usiopumzishwa hudhurika. Haba na haba hujaza kibaba.

Wapo waajiri wanaodai kwamba mapumziko ni anasa. Je, sheria nayo ni anasa? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa juma na saa 9 kwa siku, na imeamuru mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5. Haikusema popote kwamba wa kivulini hahusiki.

Wala dawa yenyewe si ghali: kiti chenye egemeo, kioo kilichoinuliwa kufikia usawa wa macho, na kila baada ya dakika 20 kutazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Barabara ipo mlangoni. Kuitazama hakutozwi ushuru.

Nao vijana wasijidanganye. Anayetoka katika kompyuta ya tajiri akakesha katika mchezo wa simu hawezi kumlaumu tajiri peke yake.

Lakini mwenye duka ndiye mwenye kiti, meza na saa. Sheria ya kumlinda kijana ipo. Kuiacha ilale kabatini ni kumrudishia kipande cha manamba.