Mwaka uliochongwa kwenye bunduki si bei yake

Wasomaji wangu, leo naziacha habari za programu kidogo, ingawa mkinivumilia mtaona sijaziacha kabisa. Jamaa mmoja wa Mau Narok alinitumia picha tatu za bunduki kuukuu iliyokutwa darini mwa ghala, kwenye shamba lililokuwa la mlowezi. Ni ya risasi moja moja: unashusha wenzo ulio chini, unatia risasi, unaurudisha. Ubavuni ina taji, herufi V.R., neno Enfield na mwaka 1882. Broka ameshafika, ameshamtajia bei za Marekani alizoziona kwenye mtandao, na ameshamshauri aipeleke jua kali ipigwe msasa ing'ae.

Mimi nasema asikubali hata moja.

Hiyo ni Martini-Henry, bunduki iliyopokewa na jeshi la Uingereza mwaka 1871. Alama zake zisome kama unavyosoma kumbukumbu za programu, kila mstari unajibu swali lake. V.R. ni Malkia Victoria, aliyefariki 1901. Enfield ni kiwanda cha serikali. Toleo limeandikwa kwa tarakimu za Kirumi, I mpaka IV. Alama ya mshale ni mali ya serikali. Mishale miwili iliyokutana ncha kwa ncha maana yake jeshi liliiuza.

Sasa igeuze uone upande wa kushoto. Watu wengi hawageuzi! Ukikuta M.E. na 303, ujue ilibadilishwa mtutu ili itumie risasi ya .303, ikawa Martini-Enfield. Upande wa kulia umebaki na mwaka wake wa zamani. Ni kama programu iliyotiwa viraka: jina la faili lile lile, ndani kitu kingine. Anayetaja mwaka wa upande mmoja tu anauza asichokijua.

Na alama hudanganya pia. Mafundi wa mpakani mwa Afghanistan na nchi ambayo leo ni Pakistan walinakili Martini kwa mkono, taji na herufi zote. Baadhi zina herufi N iliyogeuzwa kinyume.

Lakini swali ninalolipenda zaidi ni hili: ilifika Kenya lini? Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kitaifa ya 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa Kenya, au kuingizwa Kenya, kabla ya 1895. Kuingizwa, jamani! Wenzangu wa programu mnajua kuwa tarehe ya faili kuundwa si tarehe ya kunakiliwa kwenye mashine yako. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Mikataba ya kuwahamisha Wamaasai ni ya 1904 na 1911. Basi bunduki ya 1882 iliyokutwa kwenye ghala la mlowezi huenda ilishuka Mombasa miaka ishirini na zaidi baada ya kutoka kiwandani. Chuma hakiwezi kukueleza hilo. Litaelezwa na karatasi ya shamba, picha ya zamani, au mzee aliyelelewa pale. Broka hana haja na vitu hivyo, na kwangu ndivyo vyenye uzito kuliko bunduki yenyewe.

Bei, je? Bei ya mnada wa Marekani inasimama juu ya sheria ya Marekani, ambako serikali kuu huihesabu kuwa ya kale bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla. Hapa kwetu kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na mwenye neno juu ya chuma hicho ni Bodi ya Leseni za Silaha, si mtu wa tume ya asilimia kumi. Hata huko mnadani, wanunuzi hulipia alama zinazosomeka na chuma chenye rangi yake ya asili. Msasa ukipita dakika tano, umefuta alama pamoja na pesa.

Nimemwambia asiisugue, asijaribu kuitia risasi, wala asiipakie kwenye matatu kuipeleka Njoro. Apige picha pande zote mbili, aandike nani aliikuta na wapi, kisha amwite chifu na polisi waje waione hapo hapo ilipo. Msomaji mwenye karatasi za mashamba ya zamani ya upande ule, niandikie.