Kindu: Si maskini wanaobomoa ukingo wa Lualaba

Kila mvua kubwa inaponyesha Kindu, maneno ni yale yale: ukingo wa mto unabomoka kwa sababu watu wamejenga karibu na maji. Wanaonyoshewa kidole ni wakaaji wa kando ya Lualaba, na zaidi familia zilizokimbia vita, zikafika mjini bila kiwanja, zikajenga pale ambapo wengine hawakutaka. Maneno hayo ni mepesi, tena yanaficha kazi ambayo haikufanywa.

Kwanza, maji yanatoka wapi? Mvua inayoanguka juu ya mabati na barabara za mji inatafuta njia ya kwenda mtoni. Mahali pasipo na mfereji, au mfereji umejaa taka, maji yanashika njia ya watu, yanateremka kwa nguvu na kuchimba korongo. Korongo hilo linaanzia juu mjini, si kwenye kibanda cha mhamaji kule chini.

Pili, mto wenyewe. Lualaba ukijaa, udongo wa ukingo unakunywa maji na kuwa mzito. Maji yakishuka haraka, udongo huo unakosa kitu cha kuuegemeza, unaanguka vipande vipande. Kwa hiyo nyumba inaweza kuanguka wakati mto unashuka, siku ambazo watu wanadhani hatari imekwisha.

Ni kweli, anayefyeka majani ya ukingoni ili apande muhogo, na anayechota mchanga chini ya ukingo, wanaongeza ubaya. Lakini mchanga huo unanunuliwa na nani? Unajenga nyumba za mjini, hata za wale wanaowalaumu wachotaji.

Kindu haiko peke yake. Utafiti uliotoka mwaka 2025 katika jarida la Nature ulihesabu makorongo 2,922 katika miji 26 ya Kongo, na watu kama 118,600 waliopoteza makao kati ya 2004 na 2023. Je, hao wote walijitakia?

Dawa inajulikana. Mifereji ndiyo ya kwanza, na serikali ina ofisi yake ya barabara na mifereji, OVD, kwa kazi hiyo. Ukuta wa mawe peke yake hautoshi: maji ya mvua yakipita nyuma yake, yanausukuma mpaka unaanguka. Vikapu vya waya vilivyojazwa mawe vinasaidia zaidi kwa kuwa vinaacha maji yapite. Juu yake ipandwe mianzi na vetiva, jani ambalo mizizi yake inashuka mita 2 hadi 3. Uchotaji wa mchanga upewe mahali pake, mbali na nyumba.

Na familia zilizo hatarini? Zihamishwe, ndiyo, lakini zipewe kwanza kiwanja penye usalama. Kumfukuza mtu bila kumwonyesha pa kwenda ni kumpeleka kwenye korongo lingine. Aliyekimbia risasi hastahili kukimbizwa tena mikono mitupu.

Wakaaji nao, iwe Kasuku, Mikelenge au Alunguli, waache kutupa taka mferejini. Hiyo ni sehemu yao. Lakini kuchimba mifereji ni kazi ya viongozi, na wakati wake ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti. Mvua zikirudi Septemba, lawama hazitazuia hata ndoo moja ya udongo.